Picha ya Harusi Isiyokuwapo

Wengi mmeniuliza, wengine kwa barua na wengine uso kwa uso pale sokoni, kama Mzee Boniphace alinifukuza kazi siku ile. Hakunifukuza. Ingekuwa heri angenifukuza.

Kwa ambaye gazeti lilimpita: mimi ni Ursula. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mchoraji wa michoro ya khanga katika kiwanda cha nguo, hapa Musoma. Kiwanda kikafungwa, tukaambiwa soko huria limefika, kila mtu ajitafutie. Mzee Boniphace mwenye studio ya picha pale Nyakato akaniokota, nikawa natia rangi kwa brashi picha zake za zamani. Nyumbani nilikuwa na mama yangu aliyepooza upande mmoja, na mtu wa kumtazama nilikuwa mimi peke yangu.

Mwaka 1999 mzee akaenda Mwanza, akarudi na kompyuta ya mtumba, skana na printa. Akanitamkia yale maneno mliyoyasoma wiki jana:

"Ursula, nimeuza kamera mbili ili nipate hiki kitu. Una mwezi mmoja. Kikikushinda, nitamleta kijana wa Mwanza anayekijua, na wewe utaniwia radhi."

Basi nikakaa mbele ya ile mashine, nikaiogopa kama mbwa wa watu.

Programu ya picha ilikuwa Kiingereza kitupu. Kitabu chake kilikuwa kopi ya kopi, na kurasa za katikati hazimo. Aliyemuuzia mzee alimwonyesha pa kuiwashia na pa kuizimia, basi.

Siku ya kwanza niliisukuma mausi mpaka ukingoni mwa meza, na kale kamshale kwenye kioo kalikuwa bado hakajafika ninakotaka. Nikaendelea kusukuma. Mausi ikaanguka, ikaning'inia kwa waya wake. Nilidhani nimeiua.

Siku ya pili nikakiona, kwenye programu, chombo kimoja chenye alama ya kamba. Nikamzungushia kamba, humo ndani ya picha, bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ndogo ya kitambulisho. Mara ule mstari ukaanza kutembea wenyewe. Vidoti vyeusi na vyeupe, vikizunguka kichwa cha yule bibi kama siafu.

Nikatoka kitini.

"Mzee, njoo uone. Kimeingiwa na pepo."

Akaja na miwani yake, akatazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Zima."

"Nikizima hakitalipuka?"

"Sijui, Ursula. Wewe zima."

Nikazima. Nilipowasha tena siafu walikuwa wameondoka, na kazi yote ya asubuhi ilikuwa imeondoka nao. Hapo ndipo nilipojua kwamba kile kitu hakikumbuki kitu mpaka ukiambie kikumbuke.

Tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Ulikuwa unakatikaga saa sita bila kupiga hodi, na kioo kinakuwa cheusi huku mkono wako bado uko kwenye kazi. Nikawa nasevu kila baada ya pumzi tatu. Siku ya tano nikafuta jicho la mteja kwa makosa, na kwa ule uoga wangu nikasevu kabla sijaona. Bahati ile picha ya karatasi ilikuwapo.

Wiki mbili zikaisha. Sikuwa nimetengeneza picha hata moja ya kumpa mtu. Usingizi ukanihama. Siku moja nilimsikia mzee akiongea na mtu kwenye simu ya jirani, akitaja Mwanza.

Kilichoniokoa ni khanga.

Kiwandani, khanga ya rangi nne ilikuwa na fremu nne za kuchapia. Kila rangi na fremu yake. Ukikosea nyekundu, huigusi nyeusi, unabadilisha fremu ya nyekundu tu. Siku moja nilikuwa nakitazama kile kijisanduku cha pembeni mwa kioo, ambacho kina vipicha vimepangana kimoja juu ya kingine, kila kimoja na jicho dogo ubavuni. Nikagusa jicho moja. Sehemu moja ya picha ikapotea, nyingine zikabaki. Nikagusa tena, ikarudi.

Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Kumbe ni fremu."

Tangu hapo mlango ukafunguka. Kile chombo chenye alama ya muhuri, unachota nacho ngozi ya shavuni na kuigonga pale picha ilipochanika. Ile kamba, siafu wake hawaumi, wanakulindia mpaka ili mkono usivuke. Siku ya ishirini na tatu nikamtengenezea binti mmoja anaitwa Esta picha ya baba yake aliyezama karibu na kisiwa cha Rukuba. Alikuja na kitambulisho kilicholowa, uso umepasuka katikati. Aliporudi kuichukua, aliishika kwa mikono miwili akakaa kwenye benchi letu, kisha akaondoka bila kuaga.

Mzee Boniphace akasema, "Basi. Wa Mwanza abaki Mwanza."

Nilidhani hofu yangu imeishia hapo.

Wiki moja baadaye akaingia mwanamume mtu mzima, suti ya kaunda ya kijivu, sauti ya chini kama mtu anayesali. Akaketi. Akasema anaitwa Silasi, anawanunulia matajiri pamba kule Bunda tangu ushirika ulipokufa, na kwao ni Butiama.

"Kaburi la mdogo wangu halijakauka, dada. Makongoro. Shimo la dhahabu lilimwangukia huko Buhemba."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa. Anayenitesa ni mjane wake." Akatoa bahasha. "Walifunga ndoa kanisani mwaka themanini na tano. Nyumba yao ikaungua, na picha za harusi zikaungua. Kwa ndugu zimebaki hizi mbili, na katika kila moja mtu yuko peke yake. Mjane analia kila siku. Nasikia wewe unawezaga kuwaunganisha watu."

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mrefu, suti nyeusi, ua kifuani. Ya pili ilikuwa ya msichana aliyevaa gauni jeupe, anatazama pembeni.

"Huyu ndiye mjane?"

"Ndiye. Jenoveva."

Nikaifanya kazi ile siku tatu. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu ninayoiona aibu kuliko zote: nilifurahi. Jua lilimpiga mwanamume kutoka kushoto na msichana kutoka kulia, nikamgeuza msichana. Alikuwa mfupi mno, nikamwinua, na kidoleni nikamchorea pete. Nyuma yao nikaweka ukuta wa kanisa kutoka picha nyingine. Kisha nikachora kivuli cha bega la mwanamume kwenye gauni jeupe, maana kwenye kivuli ndiko picha ya uongo inakokamatwa. Nilipomaliza, hata mimi nilitaka kuwapa hongera.

Silasi akaja kuitazama kwenye kioo.

"Ni nzuri. Ila ni mpya mno. Ifanane na za miaka ile."

Hapo ilinipasa nishtuke. Sikushtuka. Nikaifubaza rangi, nikaitia umanjano, nikaiwekea na mkunjo pembeni.

"Nitolee sita."

Mjane mmoja, picha sita. Hapo pia sikushtuka.

"Na muhuri wa studio nyuma, tafadhali," akamwambia Mzee Boniphace.

Mzee akagonga muhuri wake, uleule aliokuwa nao tangu alipofungua studio miaka ya sabini. Sita. Mgeni akashukuru, akatuombea baraka, akaenda zake.

Wiki tatu zikapita.

Siku hiyo mzee alikuwa amekwenda Mwisenge kupiga picha za shule. Akaingia mwanamke aliyejitanda kitenge cheusi, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa wa rika langu. Akasalimia, nikaitikia. Akatoa picha kutoka kifuani, akaiweka juu ya kaunta.

Ilikuwa ile harusi.

"Dada, samahani. Nyuma pana muhuri wenu. Nataka kumjua aliyepiga hii picha."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Huyu mwanamume ni mume wangu."

Nikaigeuza picha, nikajifanya nausoma muhuri.

"Naitwa Wankyo," akasema. "Nimekaa na Makongoro miaka kumi na mbili, Buhemba. Nina watoto wanne naye. Mimi ni mtu wa Tarime, kwao hawanifahamu sana. Amekufa, shemeji yangu anakuja na hii picha, anaigawa kwa wazee wa ukoo. Anasema mke wa ndoa ni huyu. Mimi nilikuwa hawara tu wa machimboni. Nyumba ya hapa Nyakato na shamba la Butiama ni vya huyu mwenye shela, na yeye shemeji ndiye msimamizi wake."

"Wewe huna picha yoyote na mumeo?"

"Ninayo moja. Ninayo... nilikuwa nayo. Shemeji aliiazima siku ya matanga, eti akaitolee kopi. Hajairudisha." Akanisogelea. "Jumamosi baraza linakaa Butiama. Nikitoka hapo bila kitu, natoka na watoto hivihivi. Niambie tu, dada. Hii harusi mliipigia wapi? Mlimwona Makongoro hapo kwa macho yenu?"

Kompyuta ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Fremu zote za ile harusi zilikuwa humo ndani. Ningegeuka, ningegusa jicho moja, na Jenoveva angepotea mbele yake.

Nikamfikiria mama yangu kitandani. Nikafikiria pingu.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Picha zinakujaga nyingi. Mimi ni mfagizi tu hapa."

Akanitazama. Alitazama vidole vyangu vilivyojaa wino wa printa, kisha akanitazama usoni.

"Haya," akasema. "Mungu akubariki na kazi yako ya kufagia."

Akaichukua picha yake, akatoka.

Mzee Boniphace aliporudi nikamweleza yote. Nilitegemea atapiga meza. Hakupiga. Alifunga mlango wa studio na kukaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe na Silasi."

"Basi tubaki watatu. Kutengeneza kitu cha uongo cha kumdhulumu mtu ni jela, Ursula. Na muhuri ni wangu. Nina miaka sitini na sita. Unataka nikafie gerezani kwa sababu ya mwanamke wa machimboni?"

"Mzee, ana watoto wanne."

"Na wewe una mama. Funga mdomo."

Kesho yake, Jumatano, Silasi mwenyewe akaja. Suti ileile, sauti ileile. Akaketi mahali palepale.

"Nimesikia dada mmoja alikuja kuulizia."

Sikujua alisikia wapi. Nikamtazama mzee, mzee akatazama sakafu.

"Ulimjibu vizuri," akasema Silasi. "Sasa tumalizie." Akatoa bahasha nyingine.

Ndani yake kulikuwa na picha moja, ya karatasi, nyeusi na nyeupe, pembe zimelika. Katikati mzee mmoja ameketi kwenye kiti, fimbo mapajani. Kulia kwake Makongoro amesimama. Kushoto amesimama Wankyo, kijana zaidi, na mbele yake mtoto mdogo anayeshika kidole cha mama yake. Mkono wa yule mzee uko juu ya kichwa cha mtoto.

"Huyo ni baba yetu, marehemu," Silasi akasema. "Ilipigwa siku alipompa mtoto huyo jina lake mwenyewe. Wazee wakiiona hii, watasema baba alimpokea huyu mwanamke kama mkwe. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Ndiyo ile aliyoiazima kwa Wankyo siku ya matanga.

"Mtoe huyu. Umweke yule."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki. Atakuwa wa Jenoveva."

"Baba, siwezi."

Hakukasirika. Kama angekasirika, nisingemwogopa hivyo.

"Ile ya kwanza aliyeitengeneza ni nani, dada? Mimi sijui hata kuiwasha hiyo mashine. Mzee hapa hajui. Musoma nzima anayejua ni wewe. Tukifika polisi, wataniuliza mimi au watakuuliza wewe?" Akasimama. "Nitaipitia Ijumaa jioni. Msalimie mama. Nasikia mnakaaga karibu na kisima cha misheni, mlango hauna komeo."

Akatoka.

Alhamisi nikaiweka ile picha kwenye skana. Sitawadanganya niseme nilikataa. Nilianza kazi.

Nikamzungushia kamba Wankyo, taratibu, kuanzia kichwani, nikashuka begani, nikapita kati ya kidole chake na vidole vya mtoto. Siafu wakatokea, wakamzunguka. Nikabonyeza kitufe cha kufuta.

Akaondoka.

Mahali alipokuwa pakabaki tundu jeupe lenye umbo la mwanamke, na mkono wa mtoto umeinuliwa juu, umeshika hewa.

Nilikaa nikilitazama lile tundu mpaka saa sita, na umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Sikuwa nimesevu.

Ijumaa nikamwambia Silasi mgao umeniangusha, aje Jumamosi asubuhi kabla ya baraza, atakuta tayari. Akanitazama sana. Akasema, "Kabla ya saa mbili." Nikaitikia.

Saa kumi na mbili alfajiri ya Jumamosi nilikuwa nimeshamhamishia mama kwa shangazi yangu Makoko. Ile picha ya karatasi niliifunga ndani ya gazeti, gazeti ndani ya khanga, khanga nikaifunga kiunoni. Nikapita studio kurudisha ufunguo wangu wa mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa na kufuli. Mzee hufunguaga alfajiri hiyohiyo, hachelewagi hata siku moja. Nikadhani anaumwa, na sikuwa na muda wa kumjulia hali.

Nikapanda pikapu ya wauza dagaa mpaka Makutano, na kutoka Makutano nikapata trekta la mtu mmoja anayekwenda Butiama kufuata mbegu. Kila gari lililotokea nyuma yetu niliinamisha kichwa.

Baraza lilikaa ndani ya godauni la zamani la ushirika. Pamba haikuwamo, kulikuwa na mzani uliokufa na watu kama sitini wameketi juu ya magunia matupu. Mbele alikaa Mzee Mwikwabe, mkubwa wa ukoo, na wazee wanne. Mlangoni walisimama mgambo wawili. Wankyo alikaa chini upande mmoja na watoto wake. Upande wa pili alikaa mwanamke amejifunika khanga nyeusi mpaka machoni. Nilimjua kwa namna anavyotazama pembeni. Jenoveva.

Silasi alikuwa amesimama, anaongea. Aliponiona aliacha kidogo, kama mtu aliyemeza mfupa, kisha akaendelea.

Alipoketi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Sijui hata sauti ilitoka wapi.

"Wazee, shikamoni. Naitwa Ursula, natoka studio ya Nyakato. Hiyo harusi haikuwapo. Niliitengeneza mimi."

Watu wakanigeukia juu ya magunia yao.

Nikawaeleza. Nikawaeleza kamba, muhuri, fremu, ukuta wa kanisa, kivuli. Nikamgeukia Wankyo nikamwambia mbele ya watu, "Nilikudanganya, mama. Mimi si mfagizi." Alikuwa ananitazama kama mtu anayehesabu hatua za kuvuka mto.

Kisha nikafungua khanga, nikatoa picha ya karatasi, nikampelekea Mzee Mwikwabe.

"Hii ndiyo ya kweli. Bwana Silasi alinipa nimfute Wankyo. Nimeshindwa."

Mzee Mwikwabe akaisogeza karibu na jicho lake zima. Wazee wengine wakainama kuiona. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni mzee mwenyewe. Na fimbo yake." Nikamwona Wankyo anafunga macho. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Silasi akanyoosha mkono kuomba nafasi.

"Wazee, mimi sina maneno mengi. Namshukuru huyu dada, ametufundisha. Amesema mashine yake inaweza kumchukua mtu ambaye hakuwapo na kumweka mahali. Inaweza kuifanya picha ya leo ionekane ya zamani, na mkunjo pembeni. Si ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo," wakajibu.

"Basi nauliza. Hiyo aliyoitoa kiunoni, tutajuaje kwamba Wankyo alikuwapo?"

Sikuwa nimeliwazia hilo. Nawaapia, katika yote niliyoyaogopa njiani, hilo sikuliogopa.

"Hiyo haikupita kwenye mashine," nikasema. "Ni ya kamera. Ya miaka mingi iliyopita."

"Hata ya harusi ilionekana ya themanini na tano," akajibu Silasi, na watu wawili watatu wakacheka. Akamgeukia Wankyo, kwa upole uleule. "Shemeji, nikuulize mbele ya wazee. Wiki hii ulikwenda au hukwenda studio kwa huyu dada?"

Wankyo akafungua macho.

"Nilikwenda."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

Mnong'ono ukapita godaunini kama upepo kwenye mtama. Mzee mmoja akaiweka ile picha chini, akaifutia vidole kwenye shati lake. Nikawa naona kinachotokea, na kila neno nililotaka kusema lilikuwa linamzika Wankyo zaidi.

Mzee Mwikwabe akainua mkono.

"Picha haina mdomo. Mpiga picha anao. Wankyo, hii ilipigwa na nani?"

"Boniphace wa Nyakato," Wankyo akasema. "Baba mkwe alikuwa ametoka hospitali. Tulipita studio kwake. Alituweka sawa mwenyewe, akamwambia mtoto ashike kidole changu asiogope."

Moyo ukanirudi. Nilikuwa nimekaa na yule mzee miaka mitatu. Anaweza kusahau jina la mtu, jina la mtaa, hata siku ya wiki. Picha aliyoipiga kwa mkono wake hajawahi kusahau.

"Mzee Mwikwabe," nikasema, "nipeni mtu mmoja twende naye Nyakato. Boniphace ataiapia."

"Hakuna haja ya kwenda," akasema Silasi. "Nimekuja naye."

Nyuma ya ule mzani uliokufa mtu akainuka. Alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili. Akaivua. Akapita katikati ya watu bila kunitazama, akapokea ile picha kutoka kwa Mzee Mwikwabe, akaenda nayo kwenye mwanga wa mlangoni. Akaitazama mbele. Akaigeuza, akaitazama nyuma.

"Hii siijui," akasema. "Haikupigwa kwangu."

Akarudisha picha. Akarudi kukaa.

Wankyo hakulia. Alimvuta mtoto wake mkubwa karibu, yule yule wa kwenye picha, sasa kijana wa miaka kumi, na kumziba masikio kwa viganja vyake, kama mtu aliyechelewa kuziba.

"Huyo wa studio ashikwe," akasema Mzee Mwikwabe. "Atapelekwa Musoma akawaeleze polisi ni nani aliyemtuma kutuchezea sisi na marehemu wetu. Wankyo naye asitoke."

Mgambo mmoja akanishika mkono juu ya kiwiko. Mwenzake akasukuma mlango wa bati, na godauni likawa nusu giza. Nilimtafuta Mzee Boniphace kwa macho, nikaona kofia tu. Nilitaka kumwambia mtu yeyote kwamba mama yangu anakula mara tatu, uji usiwe wa moto, lakini hapakuwa na wa kumwambia.

Ndipo yule mwanamke wa khanga nyeusi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akaishusha khanga mpaka mabegani. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomfanya. Hakumtazama Silasi, aliyeanza kusema "Jenoveva, kaa". Hakumtazama Wankyo. Alinitazama mimi niliyemvisha pete.

"Wazee," akasema, "mmewauliza wote. Mimi bibi harusi sijaulizwa."